Wembe Ahamia Kiti cha Mwombaji

Ofisini walimwita Wembe, na si kwa sababu ya wembamba, maana wembamba ulimkimbia tangu yuko shule ya msingi na hajauona tena. Walimwita hivyo kwa sababu hakuna ombi la hataza lililopita mezani kwake likatoka na urefu uleule. Wavumbuzi walileta madai marefu kama treni, yeye akayarudisha mafupi kama njiti ya kiberiti. Mawakala, wale wazee wa suti wanaolipwa kuwasemea wavumbuzi, wakiona jina lake chini ya barua walikuwa wanakunywa maji kwanza, ndipo wanaendelea kusoma.

Hataza, kwa asiyewahi kugombana nayo, ni karatasi ya serikali inayomwambia mvumbuzi: hiki ni chako, na atakayekiiga bila ruhusa atakiona cha moto. Kazi ya mkaguzi ni kuhakikisha kwamba kinachodaiwa ni kipya kweli, na si jambo ambalo fundi yeyote mwenye akili timamu angeliwaza huku anapiga mswaki.

Kazi hiyo Wembe aliiweza. Alichokosa ni sahihi. Si kwamba hakujua kuandika jina lake, la. Katika ofisi ile mkaguzi hakusaini uamuzi wake mwenyewe mpaka apitishwe na kamati. Asiyepitishwa alibeba faili hadi chumba cha mkuu wa kitengo, akasimama pembeni na mikono nyuma kama mtoto aliyepeleka daftari kwa mwalimu, akangoja mkuu amtilie yake. Wembe alikuwa amesimama hivyo miaka mitatu na miguu ilikuwa imechoka. Siku kisa hiki kinapoanza, kamati ilikuwa inakaa kesho yake saa nne asubuhi. Sharti lilibaki moja tu: faili lake la mwisho liwe limefungwa. Likubaliwe au likataliwe, kamati haikujali, mradi limefungwa.

Faili lenyewe lilitoka kwa mhandisi mmoja, mwanamke mwenye karakana ndogo ya kutengeneza redio za malori ya machimbo. Huko shimoni hakuna mnara wa simu, na kona ni za kutokeana ghafla, kwa hiyo malori yanaambiana moja kwa moja, redio kwa redio: nipo hapa, nateremka, nina mzigo, usinijie. Yakiwa matano, mambo shwari. Yakiwa hamsini na kila moja linapayuka kwa wakati wake, hakuna anayesikia kitu, na dereva asiyesikia kwenye kona ya shimo hapati nafasi ya kuuliza, "Umesemaje?"

Ndiyo maana kila redio inatakiwa kupima msongamano kabla ya kufungua mdomo. Muda wa hewani umekatwa vipande vidogo vidogo. Redio inasikiliza vipande vilivyopita, inahesabu vingapi vilikuwa na kelele na vingapi vilikuwa kimya, inapata jibu lake: njia imejaa robo, imejaa nusu, imejaa pomoni. Ikijaa, redio inapunguza domo. Hilo halikuwa geni. Mhandisi alikuwa na kitu kidogo zaidi. Alisema: redio ikiwa inasema, haisikii. Basi vile vipande ambavyo ilikuwa inasema yenyewe visihesabiwe kabisa. Visiitwe kelele, visiitwe kimya. Vitupwe nje ya hesabu.

Wembe alisoma, akapekua maombi ya zamani, akapata waraka wa kampuni moja uliozungumzia hicho hicho, akamtumia wakala barua ya onyo, kisha akaandika barua yenyewe ya kukataa yenye kurasa tatu na neno moja zito: dhahiri. Fundi yeyote angefanya hivyo. Kwaheri, mama mhandisi.

Ilibaki kuhama kiti.

Hiyo ilikuwa desturi ya kitengo chao, na vitengo vingine viliwacheka kwayo. Barua ya kumkatalia mtu haikutoka mpaka aliyeiandika akae kiti cha mwombaji, kile cha mbao chenye mguu unaoyumba, na amtetee mwombaji kwa nguvu zake zote, huku mwenzake akikaa kile cha magurudumu na kuisemea ofisi kwa kutumia barua ileile. Mkuu ndiye aliyeianzisha, na mwanzoni ilikuwa na meno. Baadaye ikawa kama dua ya kabla ya kikao, kila mtu anaangalia saa.

"Mimi mwombaji naona uvumbuzi wangu ni mzuri."

"Ofisi inaona si mzuri."

"Haya bwana. Hiyo chai ina sukari?"

Hapo wanasaini kwamba zoezi limefanyika, wanaondoka.

Ila siku hiyo mkuu mwenyewe aliingia, akavuta stuli, akakaa dirishani. Faili la kuombea sahihi, alisema, analisikiliza mwenyewe. Wembe si mtu wa kufanya mambo nusunusu hata bila kutazamwa. Sasa akitazamwa na mkuu, siku moja kabla ya kamati, alijifunga kibwebwe. Alikusudia kumtetea yule mhandisi kama anayemtetea mama yake mzazi, ili kesho mtu asije akasema alibabaisha.

Kiti cha magurudumu alikalia jirani yake wa meza, kijana mmoja waliyemwita Kiyoyozi, kwa kuwa hakuwahi kutoka jasho na hakuwahi kunyamaza. Alikunjua barua, akabana pua ili apate sauti ya Wembe.

"'Ofisi inaona kwamba...'"

"Mimi sisemi hivyo," Wembe alisema.

"Wewe ni mwombaji. Mwombaji hajawahi kukutana na mkaguzi. Tulia kwenye kiti chako, kisije kikakumwaga."

Mkuu akakohoa, kikohozi kilichofanana sana na kicheko.

"Ofisi inaona," Kiyoyozi aliendelea kwa sauti yake ya kawaida, "kwamba waraka wa zamani tayari unajua kuwa redio inayosema haisikii. Upo, kifungu cha kumi na mbili. Tatizo likishajulikana, jibu si liko mlangoni? Fundi angevitupa tu hivyo vipande. Ni dhahiri."

"Soma hicho kifungu mpaka mwisho," Wembe alisema. "Kimesema redio haisikii. Halafu kikasema tufanyeje?"

Kiyoyozi alifuata mstari kwa kidole. "'Vipande hivyo vihesabiwe kuwa kimya.'"

"Kwa sababu gani?"

"'Kwa sababu sauti ya redio yenyewe si msongamano wa wengine.'"

"Inaingia akilini, siyo?"

"Inaingia vizuri tu."

"Sasa ngoja nikuletee shangazi yangu." Wembe alisogeza kiti, kikayumba, hakukijali. "Shangazi yangu akianza kusema hasikii hata mvua ya mawe. Akimaliza, muulize: shangazi, watu walikuwa wanaongea humu? Atakwambia wala, palikuwa kimya mno, ndiyo maana nikawachangamsha. Akisema zaidi, anaona kimya zaidi. Akiona kimya zaidi, anaongeza maneno. Huo waraka wako wa zamani ni shangazi yangu mtupu! Redio yenye domo kuliko zote ndiyo inayoamini njia ni nyeupe, kwa hiyo inazidisha domo. Na lile lori la nyuma linaloteremka na mzigo halipati upenyo wa kusema breki zimegoma."

Kiyoyozi aliacha kuzungusha kiti. "Sawa. Basi fundi angeliona hilo kosa, akalirekebisha."

"Angelionaje, wakati waraka unamwambia hiyo ndiyo njia na unampa sababu? Mtu akikuelekeza kushoto, akakueleza na kwa nini kushoto, wewe ukaenda kulia ukafika, utasemaje njia alikuonyesha yeye?"

"Ofisi..." Kiyoyozi aligeuza ukurasa, akaugeuza tena, kama anatafuta ufunguo uliodondoka. "Ofisi inasema ni dhahiri."

"Ofisi imeshasema. Naiuliza sababu."

"Sababu haimo humu."

"Haimo!" Wembe alikuwa amesimama na hakujua amesimama saa ngapi. "Huyo mkaguzi aliyeandika barua hii alisoma nusu ya kifungu, akaona neno alilokuwa analitaka, akakimbia nalo kama kuku aliyeokota mnyoo!"

Huko koridoni mashine ya kunakili ilikuwa inatafuna karatasi za mtu.

"Huyo mkaguzi," Kiyoyozi aliuliza taratibu, "ni nani tumkamate?"

Wembe alikaa. Kiti kikamsukuma mbele, akashika meza. Alikuwa amekuja kuifunga barua yake, na mbele ya mkuu ameichana vipande.

Mkuu alinyanyuka dirishani, akaichukua barua, akaishika kwa vidole viwili.

"Zoezi ni zoezi," alisema. "Watu huwa wanaigiza. Ukiniambia ulikuwa unaigiza tu, naitia muhuri leo, faili limefungwa, kesho unaingia kwa kamati. Ukiniambia ulikuwa unasema kweli, faili liko wazi, na mwenye faili lililo wazi kamati haimsomi hata jina."

"Kwani wewe umeonaje, Mkuu?"

"Mimi siombi sahihi. Ninayo." Akaiweka barua mezani. "Kesho kabla ya saa nne uniambie."

Kwao Wembe siku hiyo palikuwa na mgeni, mmoja aliyetosha kumi. Shangazi mwenyewe alikuwa amefika, dada wa marehemu baba, amekuja na mkoba wa safari na habari za ukoo mzima. Mama alikuwa ameshamwambia kila mtu kuhusu sahihi: majirani wa kulia, wa kushoto, na fundi cherehani wa barazani ambaye hata hakuuliza.

Wembe alivua viatu, akasalimia, akakaa mezani. "Mama, kuna jambo la..."

"Huyo hapo mwenye sahihi yake!" Shangazi alidakia. Kutoka hapo akapitia sahihi ya baba yake Wembe, ambayo ilikuwa na mkia mrefu kama wa nyani, akaingia kwa binamu aliyeghushi sahihi ya mjomba, akatokea kwenye harusi ya huyo binamu, akamsema mpishi, akamsema mpiga picha. Wembe alijaribu mara tatu kuchomeka neno na mara tatu likakosa pa kukaa. Mama aliuliza kama kuna anayetaka maji. Hakusikiwa. Mwishowe Shangazi alimaliza pumzi, akafuta mdomo, akatazama huku na huku.

"Mbona leo nyumba imepooza hivi? Hakuna hata anayesema!"

Wembe alicheka mpaka akainamia sahani. Mama akafikiri analia, akaja kumpiga mgongo.

Shangazi alipoenda kuoga, Wembe alisema yote. Mama alisikiliza huku anakusanya vyombo, na kila alipofika mahali pagumu alikuwa anagonganisha vijiko.

"Ukisema ulikuwa unaigiza, nani atajua?"

"Mhandisi atanyimwa kitu chake kwa sababu niliyoivunja mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu."

"Na hiyo kamati haingoji?"

"Haingoji."

"Mimi nimeshawaambia watu, mwanangu."

"Waambie bado."

"Bado!" Mama aliweka sahani chini kwa kishindo. "Neno hilo nimelichoka. Kazi, bado. Mchumba, bado. Na sahihi nayo, bado. Siku moja wataniuliza kama na akili ninayo, niseme bado."

"Mama, nikiipata sahihi kwa barua ile, kila nitakaposaini nitaisikia inanicheka. Nitaipata. Ila si kwa barua ile."

Mama alimtazama muda, kama anayepima kitambaa kabla ya kukikata. Kisha akarudia vyombo vyake. "Basi lala mapema. Mtu wa kujitia kitanzi asubuhi awe amepumzika."

Asubuhi Wembe alimkuta mkuu anafungua mlango, funguo mkononi.

"Naiondoa barua," alisema, hata kabla ya shikamoo. Akakumbuka. "Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba. Una hakika?"

"Nina hakika."

"Kamati inakaa saa nne. Unaweza hata kunywa chai ukafikiri."

"Chai nitakunywa. Kufikiri nimemaliza."

Mkuu aliitikia kwa kichwa tu, akaingia.

Msidhani sasa Wembe aligeuka pamba. Alirudi mezani, akafungua upya madai ya mhandisi, ile orodha yenye namba ya yote anayotaka yawe yake, na alipofika dai la kwanza makali yakarudi. Wakala, kwa tamaa za mawakala, alikuwa amedai upimaji wote wa msongamano, wa redio zote, kwa namna yoyote ile. Uvumbuzi wenyewe, ule wa kutupa vipande nje ya hesabu, alikuwa ameufukia kwenye dai la nne kama mtu anayeficha nyama chini ya wali. Wembe akanyanyua simu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu," wakala aliitikia kwa sauti yake ya mimbarini. "Umeshatukata?"

"Dai la kwanza haliwezi kupita. Umeandika kana kwamba mteja wako ndiye aliyevumbua sikio."

"Tunapinga! Tunapinga vikali, na ninazo hoja saba."

"Dai la nne..."

"Na hilo tunapinga!"

"Mzee, dai la nne nalikubali."

"Tunapi..." Sauti ilikwama. "Unasemaje?"

"Nalikubali. Lipandishe juu, lisimame peke yake, hilo la kwanza ulitupe."

"Lakini kwenye barua yako ya mwanzo ulitishia kutukataa, ukasema ni dhahiri!"

"Nilikosea. Nimeangalia tena. Si dhahiri."

Wakala alikohoa, akajikusanya upesi. "Sasa, binti yangu, kwa kuwa umelainika, naona tungeweza pia kuongeza dai la kumi na..."

Nyuma yake sauti ya mwanamke ilipenya, ya mtu aliyezoea kusema juu ya injini. "Mzee, mwambie sawa! Nyamaza tumsikie anataka nini!"

"Huyo ndiye mhandisi?" Wembe aliuliza. "Nipe yeye."

Simu ikapokewa kwa mkwaruzo.

"Swali moja, mama," Wembe alisema. "Redio yako ikisema sana mpaka karibu vipande vyote vitupwe, inapima kwa kutumia nini?"

"Haipimi," mhandisi alijibu papo hapo. "Ikibakiwa na vichache mno inanyamazishwa kwanza isikilize. Nimeeleza ukurasa wa tisa."

"Umeeleza, ila hujadai. Liingize kwenye dai, vinginevyo sipitishi."

"Naanza kuliandika leo leo. Malori hayangoji, dada."

Saa nne ikafika, ikapita. Wembe alisikia milango ya ukumbi wa kamati ikifungwa mwisho wa koridoni, na baadaye akaisikia ikifunguliwa, na watu wakipongezana kwa sauti za kushikana mikono. Hakunyanyua kichwa. Kiyoyozi alikuja na vikombe viwili, akamwekea kimoja.

"Wamempitisha yule wa kitengo cha dawa," alisema. "Wewe hukutajwa."

"Nilijua."

"Nimeshuhudia watu wakishindwa na mawakala, na wengine wakishindwa na mkuu. Ila kushindwa na mtu aliye ndani ya nguo zako mwenyewe, hiyo ni mpya. Iombee hataza."

"Ni dhahiri," Wembe alisema. "Fundi yeyote anayesoma nusu ya kifungu angefika hapo. Nipishe, unaniziba mwanga."

Siku ya tatu madai mapya yalikuwa mezani, mafupi, kila neno na kazi yake. Wembe aliyapekua kutoka mwanzo kana kwamba hajawahi kuyaona, akarudia utafutaji wote, akaandika uamuzi wa kukubali. Kisha akabeba faili hadi chumba cha mkuu. Safari hii hakusimama pembeni. Alivuta kiti, akakaa.

Mkuu alifungua ukurasa wa mwisho moja kwa moja na kuinua kalamu.

"Soma kwanza, Mkuu."

"Nimekuamini."

"Siombi kuaminiwa. Naomba usome."

Kalamu ikabaki hewani. Mkuu alimtazama juu ya miwani, akarudi ukurasa wa kwanza. Alisoma polepole, mdomo ukicheza, na alipofika kwenye dai akaweka kidole.

"Redio isiyopumzika," alisema. "Inasema mfululizo. Vipande vyote umevitupa nje ya hesabu. Sasa inagawanya kwa ngapi? Kwa sifuri?"

"Mstari wa sita. Vikipungua kiwango kilichowekwa, redio inalazimishwa kunyamaza na kusikiliza, ndipo ipime. Walikuwa wameliacha nje ya dai. Nimewaambia waliingize."

Mkuu alishuka hadi mstari wa sita, akausoma mara mbili. Akasoma na kurasa zilizobaki, zote, huku Wembe amekaa wima, mikono juu ya magoti. Hatimaye akasaini, akakausha wino kwa kiganja, akalisukuma faili upande wake.

Wembe alilichukua, akafika mlangoni, akageuka.

"Kamati inakaa tena lini?"

"Miezi sita ijayo."

"Niandike."